Uhura na uhuru: Kiswahili kilichojificha ndani ya Star Trek ya kwanza

Nilikuwa sebuleni na mpwa wangu tunaangalia Star Trek ile ya kwanza kabisa, mfululizo wa televisheni wa Marekani kuhusu wasafiri wa chombo cha angani, ya Kapteni Kirk na Spock mwenye masikio yaliyochongoka. Kijana alikuwa anaicheka. Milango inajifungua kwa mlio wa "shwii", na majabali ya sayari ngeni, ukiyakazia macho, unajua ni vitu vilivyoundwa studio na kupakwa rangi. Halafu kwenye korido ya chombo akatokea mwanamume mweusi mwenye sare, akamsemesha Luteni Uhura, mwanamke mweusi anayeshughulikia mawasiliano ya chombo, kwa maneno ambayo hayakuwa Kiingereza. Mpwa akanyamaza. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena.

"Mjomba, huyu si anaongea Kiswahili?"

"Kiswahili."

"Cha wapi sasa?"

Kipindi hicho kinaitwa "The Man Trap". Kilirushwa na NBC ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na ndicho cha kwanza watazamaji wa Marekani kukiona kati ya vipindi 79 vya mfululizo huo. Kwa maneno mengine, Kiswahili kimo ndani ya Star Trek tangu usiku wa kwanza. Wakati huo Kenya na Uganda zilikuwa na vituo vya televisheni vichanga, na Tanzania Bara haikuwa nacho kabisa. Ilisubiri hadi 1994. Wenye lugha walikuwa karibu wa mwisho kupata habari kwamba lugha yao imeshapelekwa kwenye nyota.

Swali la mpwa lilinifanya nivirudie vipindi vya msimu wa kwanza na wa pili kwa sikio tofauti. Nianze na jina, maana ndipo watu wengi wanapojikwaa.

Utasikia ikisemwa kwamba Uhura ni Kiswahili na maana yake ni uhuru. Hiyo ni nusu ya habari. Sisi tuna huru, tuliyoipata kwa Waarabu, kwao hurr ni mtu asiye mtumwa. Tukaitia u- mbele, kama tulivyofanya kwenye uzuri na uzee, ikawa uhuru. Hakuna kanuni yoyote ya sarufi yetu inayolitoa neno hapo na kulifikisha kwenye "uhura". Safari hiyo ya mwisho ilifanyika Hollywood.

Nichelle Nichols, mwigizaji aliyekuwa Uhura, alisimulia mara nyingi kwamba alipokwenda kwenye usaili alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Mmarekani Robert Ruark iliyotoka 1962, jina lake Uhuru. Nafasi ya kumpa ilikuwa bado haijaandikwa, basi akakabidhiwa maneno ya Spock ayasome. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa mfululizo, akalipenda neno lile la kwenye jalada. Lakini kumwita mwanamke Uhuru likaonekana jina kali, na Nichols akapendekeza mwisho wake ulainishwe. Ikawa Uhura.

Hapo Mswahili lazima atabasamu. Kulainisha jina kwa kulitia -a mwishoni ni sikio la Kihispania au Kiitaliano, ambako -o huenda na wanaume na -a na wanawake. Kwetu irabu ya mwisho haijui mke wala mume. Juma anaishia na -a na hakuna aliyewahi kumdhania binti. Na ukali wenyewe sisi hatuusikii. Uhuru ni neno la mwenge, la nyimbo za shule, la kilele cha Kilimanjaro ambacho kabla ya 1961 kiliitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Kitu kimoja tu Wamarekani hawakukigusa, nacho ni mkazo. Kirk anapomwita, sauti inakazia silabi ya pili kutoka mwisho, vilevile ambavyo ungeita wewe.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba Uhura hakuwa peke yake. Mwaka huohuo wa 1966, katika jiji hilohilo la Los Angeles, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Wamarekani weusi inayoanza tarehe 26 Desemba. Jina alilitoa kwenye maneno "matunda ya kwanza", kisha kwanza likaongezewa herufi moja likawa Kwanzaa, ili herufi ziwe saba kama siku za sherehe. Jiji moja, mwaka mmoja, maneno mawili ya Kiswahili, na kila moja limeondoka na -a isiyokuwa yake. Watu hawa hawakuwa wanakosea Kiswahili. Walikuwa wanachonga kitu chao kwa mti wa kwetu.

Kwa nini mti huo, na si Kiyoruba au Kizulu? Kwa sababu ya miaka ile. Tanganyika ilijitawala Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya na Zanzibar Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye Zanzibar ikafanya mapinduzi. Kila mara neno lililopigiwa kelele viwanjani lilikuwa lilelile, na magazeti ya nje yalilichapa bila kulitafsiri. Malcolm X alipita Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1964. Kwa Mmarekani mweusi wa wakati ule, ambaye babu yake hakuachiwa hata jina la kijiji alikotoka, Kiswahili kilikuwa lugha ya Afrika isiyomlazimisha kuchagua kabila. Kwamba mababu wengi wa Wamarekani weusi walichukuliwa pwani ya magharibi, mbali sana na Lamu na Kilwa, halikuwa na uzito.

Kuna kichekesho kidogo, lakini. Ruark alikuwa mpenzi wa uwindaji, na riwaya yake inaitazama Kenya zaidi kwa macho ya walowezi kuliko ya waliokuwa wanaidai nchi yao. Neno limepita mikono hiyo ndipo likafika kwa Nichols. Na mwongozo waliopewa waandishi wa mfululizo mwaka 1967 unasema Uhura alizaliwa katika Muungano wa Madola ya Afrika. Kwame Nkrumah, rais wa Ghana, aliyeihubiri ndoto hiyo kuliko mtu yeyote, alikuwa ameshapinduliwa Februari 1966. Accra imeiangusha, Hollywood ikaiokota.

Sasa mpwa akaniuliza jambo la pili, na hili huwachanganya hata mashabiki wa siku nyingi. Mbona Uhura anabadilika badilika? Usiku wa kwanza yumo, amevaa sare nyekundu. Kipindi cha tatu hayupo kabisa. Baadaye anarudi, sare ni ya rangi ya haradali. Baadaye tena nyekundu. Amepandishwa cheo, ameshushwa, au alikwenda likizo?

Jibu ni kwamba vipindi havikurushwa kwa mpangilio wa kutengenezwa. Kwanza kilitengenezwa kipindi cha majaribio, "The Cage", NBC ikakikataa. Ikaagiza cha pili, "Where No Man Has Gone Before", ikakikubali. Katika hicho Uhura hajazaliwa bado. Anayeshughulikia mawasiliano ni luteni mmoja anayeitwa Alden, naye aliigizwa na mtu mweusi, Lloyd Haynes. Baada ya mfululizo kuidhinishwa kilipigwa "The Corbomite Maneuver", na hapo ndipo Nichols anapoketi kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza, akiwa na sare ya haradali. Baadaye kidogo idara yake ikahamishiwa kwenye nyekundu. "The Man Trap" ilikuwa ya sita kutengenezwa ukihesabu na yale majaribio mawili.

Lakini "Corbomite" ilikuwa na picha nyingi za vyombo angani, na picha za namna hiyo wakati ule zilichukua wiki nyingi kukamilika. NBC nayo ilitaka kufungua na kipindi chenye dude la kutisha watu. Basi cha sita kikaenda hewani cha kwanza, cha majaribio kikaenda cha tatu, na "Corbomite" ikangoja hadi tarehe 10 Novemba. Mtazamaji wa 1966 aliyekaa mbele ya televisheni kila Alhamisi alimwona Uhura akiruka huku na huku kama kanda iliyokatwa ikaungwa vibaya.

Ukitaka kujihakikishia, sikiliza kumbukumbu ambazo Kirk huzisoma, zenye namba wanayoiita tarehe ya nyota. Kwa kawaida namba hizo hazina msaada wowote, waandishi walizibandika watakavyo. Safari hii zinakubaliana na sare. Kipindi cha majaribio kina 1312.4, "Corbomite" 1512.2, na "The Man Trap" 1513.1. Ukizifuata, Uhura anaingia kazini na haradali kisha anahamia nyekundu, na hakuna tena kuruka. Mimi sasa ninaangalia kwa mpangilio wa kutengenezwa. Tahadhari moja tu: nakala nyingi zinazoonyeshwa siku hizi ni zile zilizosafishwa kuanzia 2006, ambazo picha za angani zimetengenezwa upya kwa kompyuta. Sura za watu ni zilezile, vyombo ndivyo vilivyopigwa msasa.

Turudi kwenye korido, maana hapo ndipo penye utamu.

Kabla ya korido kuna tukio dogo ambalo nilikuwa nalipita bila kulitia maanani. Uhura na Spock wako kwenye chumba cha uongozi, kazi imepoa. Yeye ni ofisa wa mawasiliano, kutwa nzima ni masafa: fungua masafa, jaribu masafa mengine, masafa yote yako kimya. Anamwambia Spock kwamba akilisikia neno hilo mara moja zaidi anaweza kulia. Kisha anamchokoza: hebu nieleze kwenu, sayari ya Vulcan, kukoje usiku wa mbalamwezi. Spock anamjibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura anasema wala hashangai.

Kwa Kiingereza neno lile ni la kiufundi tu. Kiswahili kinampa zaidi, kwa sababu masafa yetu ni ya redio na pia ni ya umbali. Mwanamke aliye mbali hivyo na kwao, akisema amechoka na masafa, sisi tunasikia malalamiko mawili kwa bei ya moja.

Halafu ndiyo inakuja korido. Dude la kipindi hiki limetoka sayari M-113 na linaishi kwa chumvi, ambayo huifyonza mwilini mwa mtu mpaka afe. Halina umbo moja. Linachungulia kichwani mwa anayelitazama na kuvaa sura ya mtu aliyemo humo. Daktari McCoy anamwona mpenzi wake wa zamani, akiwa kijana vilevile kama alivyomwacha. Kirk anamwona mwanamke huyohuyo, ila umri umemwendea. Baharia mmoja anaona binti aliyekutana naye kwenye sayari ya starehe. Likikutana na Uhura, linakuwa mwanamume mweusi, mtanashati, anayemwambia: ulikuwa unamfikiria mtu kama mimi. Kisha linamgeuzia Kiswahili, na Uhura anajibu kwa Kiswahili. Dude linamsogelea, yeye ameganda kama aliyerogwa, mpaka anaitwa kazini na kujinasua.

Fikiria hesabu yake. Dude halijui Kiswahili. Linajua njaa ya chumvi na basi. Kila neno linalotoka mdomoni mwake limechotwa kichwani mwa Uhura dakika ileile. Kwa hiyo swali la mpwa, Kiswahili cha wapi, lina jibu ndani ya hadithi yenyewe: ni cha kichwani kwake. Hata matamshi yaliyopinda yanapata kisingizio. Yalipinda huko yalikotolewa. Nje ya hadithi jibu ni jepesi zaidi. Wale ni Wamarekani wawili, Nichols na Vince Howard, wanaotamka maneno ya kukariri, na inabidi utege sikio ili uyapate.

Ila angalia waandishi walichofanya, wajue wasijue. Mwanamke analalamika kwamba lugha ya kazi imemchosha. Anamtafuta mtu wa kuongea naye kama binadamu, anaambiwa hakuna mwezi. Anatoka nje, na kitu kinachoweza kusoma upweke kinamsemesha lugha ya kwao. Mtu aliyekaa ughaibuni, akisikia "mambo vipi" kwenye foleni ya basi la Toronto au Oslo na shingo ikageuka yenyewe, hahitaji kuelezwa mtego ule unavyofanya kazi.

Mara ya pili Kiswahili kinatokea mwaka mmoja baadaye, kwenye "The Changeling", iliyorushwa tarehe 29 Septemba 1967. Chombo kidogo cha uchunguzi kiitwacho Nomad, kilichotumwa kutoka Duniani zamani, kimekutana na chombo cha viumbe wengine na programu zao zimechanganyika. Sasa kinaamini kazi yake ni kufuta kila kisicho kamili. Kinaingia chumba cha uongozi, kinamkuta Uhura anaimba. Kinauliza kuimba ni nini, kwa nini. Kisha kinamchunguza, na kwa kumchunguza kinamfuta akili yote, kama ubao uliopitishiwa dasta.

Tunamkuta tena hospitalini mwa chombo. Nesi Chapel amemweka mbele ya skrini anamfundisha kusoma upya, sentensi za darasa la kwanza kuhusu mbwa na mpira. Uhura anasoma kwa kudonoa. Anafika kwenye neno la rangi ya bluu, Kiingereza kinamchezea: linaandikwa hivi linasomwa vile, yeye analitamka kama lilivyoandikwa, "blu-i". Kwa mtu aliyezoea lugha ambayo kila irabu inatamkwa, mwenye kosa hapo si yeye. Anakasirika, na hasira inatoka kwa Kiswahili. Nesi anamrudisha kwa upole: si kwa Kiswahili, Uhura, kwa Kiingereza.

Nesi hana nia mbaya. Lakini waliosoma Kenya watakuwa wameshajipapasa shingo wakikumbuka diski, kile kibao alichovishwa mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani, akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake.

Kipindi hiki kimelaumiwa kwa uzembe, na ninakubali. McCoy anatangaza kwamba ndani ya wiki atakuwa amerudi kazini, na hadithi inaendelea zake. Hakuna anayeuliza mama yake yuko wapi katika akili ile iliyofutwa, wala kama wimbo aliokuwa anauimba umerudi. Elimu imerudishwa, mengine hayatajwi. Na tatizo kubwa zaidi: kama kila kitu kilifutika, Kiswahili kilibakije? Kipindi hakielezi. Ama mwandishi, John Meredyth Lucas, hakujali, ama Nomad alifuta shule na kuacha alichonyonya kwa mama. Mimi nimechagua la pili, maana ndiyo njia pekee ya tukio lile kuwa na mantiki, na pia kwa sababu nimewaona wazee ambao maradhi yamewaondolea Kiingereza chote cha ofisini na kuwaachia nyimbo za jandoni.

Ukiweka vipindi hivi viwili pamoja, kitu cha ajabu kinajitokeza. Uhura ndiye mwenye lugha chomboni. Kiti chake ni cha kuwasemesha wageni. Na bado Kiswahili hakimtoki akiwa kwenye kiti hicho. Kinamtoka akiwa mpweke na akiwa hana akili. Kimefanywa lugha ya chumbani, wakati kwa historia yake ni lugha ya barazani kabisa: ilikua bandarini, ikaenda bara na misafara, ikapanda treni, ikaingia kambi za jeshi, kila mahali ikitumiwa na watu wasiofahamiana. Kama kuna lugha ya Afrika iliyofanya kazi ya Uhura kwa karne nyingi, ni hiyo.

Mengine yanajulikana, sitakaa nayo sana. Kwamba baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha, na kwa maelezo yake mwenyewe ni Martin Luther King aliyemwomba abaki. Kwamba kwenye mfululizo ule wa waigizaji hakupewa hata mara moja kukiongoza chombo, akapewa kwenye katuni, mwaka 1973. Jina lake la kwanza, Nyota, lilitungwa kwenye kitabu cha 1982 na halikutamkwa kwenye filamu hadi 2009. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Hii ilionekana baada ya miaka 43. Na katika Strange New Worlds, mfululizo mwingine wa Star Trek ulioanza 2022, Uhura kijana anasema amekulia Kenya na anajua lugha 37. Muungano wa Madola ya Afrika umeyeyuka kimyakimya, amepewa nchi yenye wimbo wa taifa wa Kiswahili.

Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022, akiwa na miaka 89. Miaka ya sabini alikuwa ameifanyia NASA kazi ya kushawishi wanawake na watu weusi waombe uanaanga. Na kulikuwa na msichana wa Chicago aliyekua akimtazama kwenye televisheni, Mae Jemison, ambaye baadaye akawa daktari na miongoni mwa lugha alizojifunza kimo Kiswahili. Septemba 1992 alirushwa na chombo cha NASA cha Endeavour, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Zamu zake alikuwa akizifungua kwa maneno ya Uhura, yaleyale yaliyokuwa yamemchosha mwenzake kwenye "The Man Trap": "Hailing frequencies open."

Mpwa alitaka kujua ningeyatafsirije. Nikajaribu masafa, nikajaribu mawasiliano, yote yakawa marefu na makavu.

"Kwani anafanya nini hasa?" akauliza.

"Yuko mlangoni kwa watu asiowajua, anataka wajue amefika."

"Si hodi tu, mjomba?"